Vitabu vya kusoma kwa watoto wa darasa la tano hadi la saba: mapendekezo ya mwalimu wa Kiswahili

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, salaam.

Kila shule zinapofunguliwa mwezi Januari, na tena kila matokeo ya mtihani wa ujirani mwema yanapobandikwa ukutani, wazazi huniuliza swali moja: "Mwalimu, mtoto wangu yuko darasa la sita, nimnunulie kitabu gani?" Nami nikiwauliza wanataka kitabu hicho kimsaidie nini, wengi hutaja kitabu cha maswali na majibu. Nimefundisha Kiswahili katika madarasa ya juu ya shule ya msingi kwa miaka 19, sehemu kubwa mkoani Morogoro, na nimefikia mahali pa kusema bila kusitasita kwamba mtoto wa darasa la tano, la sita au la saba ana maswali na majibu ya kumtosha. Anachokosa ni hadithi ndefu aliyoisoma mwenyewe kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Naomba nieleze sababu kabla sijataja kitabu hata kimoja. Darasa la kwanza na la pili ni madarasa ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na hapo mtoto anajifunza kusoma. Kuanzia darasa la tano hali hubadilika, kwa sababu sasa kitabu cha sayansi au cha historia kinamtaka afuate maelezo ya kurasa mbili tatu mfululizo na akumbuke kilichosemwa mwanzo anapofika mwisho. Mtoto aliyezoea vifungu vya ufahamu vya aya tatu, kisha maswali matano ya kuchagua herufi, huwa na pumzi fupi ya kusoma. Anatamka kila neno barabara, lakini ukimpa kurasa kumi, kwenye ya tatu ameshachoka, na ukimuuliza amesoma nini anakutajia sentensi ya mwisho tu. Tuisheni haiongezi pumzi hiyo, wala pepa za miaka iliyopita. Nimeona ikiongezwa na jambo moja, nalo ni hadithi inayomfanya mtoto atake kujua kitakachotokea mbele.

Vitabu vya kiada vina wenyewe wa kuvishughulikia. Vya ziada ndivyo vilivyoachwa yatima, na ndivyo ninavyotaka tuvijadili hapa.

Kitabu ninachoanza nacho kila mwaka ni Hekaya za Abunuwasi. Sikianzi kwa sababu ni bora kuliko vingine vyote, bali kwa sababu kila kisa ni kifupi na kinajitegemea, hivyo mtoto mwenye pumzi fupi anamaliza kisa kizima na kupata furaha ya kumaliza. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na kisufuria kidogo ndani yake, na kueleza kwamba sufuria ilizaa. Jirani, kwa tamaa yake, anapokea vyote viwili bila swali. Siku nyingine Abunuwasi anaazima tena, na safari hii anarudi na habari za msiba, kwamba sufuria imefariki. Mtoto wa darasa la tano akifika hapo hacheki tu, bali anagundua kwamba jirani alijifunga mwenyewe siku aliyokubali kwamba sufuria huzaa. Hiyo ni hoja, na ameielewa bila mtu kumchorea ubaoni.

Nina kasha la vitabu darasani na daftari la kuazima, na mwaka mmoja nakala yangu ya Abunuwasi ilikaa kwa mvulana mmoja wa darasa la tano wiki tano badala ya moja. Nilikwisha kuihesabu kuwa imepotea. Iliporudi, mgongo wake uliokuwa umeachia ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweusi wa cherehani, mishono midogo iliyonyooka, na jalada limevishwa karatasi ya kaki. Nilimuuliza nani ameshona. Akasema ni bibi yake, ambaye ana mtoto wa jicho na hawezi tena kusoma, lakini mikono yake inajua kushona bila kuona, na kila jioni baada ya chakula alikuwa akimwambia mjukuu asome kisa kimoja, kisha arudie kile cha jana. Mvulana yule alikuwa akisoma kwa kusitasita mwezi Februari. Mwezi Mei alisimama mbele ya darasa na kusoma kurasa nne bila kukwama.

Kitabu cha pili ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Wengi wetu tunamfahamu Shaaban Robert kama jina la kukariri: alizaliwa 1909 Vibambani, Tanga, akafariki 1962, mshairi mkubwa. Lakini hiki ni kitabu ambacho mtoto wa darasa la sita anaweza kukisoma, kwa sababu kiini chake ni kisa cha kusisimua chenye asili katika hekaya za Alfu Lela Ulela. Adili ni gavana wa Janibu chini ya Mfalme Rai wa Ughaibu. Ikibali, mjumbe wa mfalme, anakwenda Janibu kufuatilia kodi, na usiku anamwona mwenyeji wake akifanya jambo la ajabu: anawachapa manyani wawili, kisha analia nao na kuwalisha kwa mapenzi. Manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa sababu ya ubaya waliomtendea.

Mimi huwasomea wanafunzi sehemu hiyo kwa sauti, dakika kumi baada ya chakula cha mchana, wakati ambao hata hivyo wengi huwa wanasinzia. Mwaka juzi msichana wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa na tabia ya kunyosha mkono, aliuliza: "Mwalimu, mbona anayechapa ndiye analia?" Darasa lote lilinyamaza. Mwingine akasema analia kwa sababu wale ni nduguze. Wa tatu akasema hapana, analia kwa sababu ameamriwa kuchapa na hawezi kukataa, na kama angekuwa na uhuru wake angewasamehe. Walibishana hadi kengele ikalia, na sikuwahi kuwauliza swali hata moja. Nakala tatu nilizokuwa nazo zilichukuliwa siku ile ile.

Kiswahili cha kitabu hiki ni cha juu, na mzazi asidanganyike kwamba mtoto ataelewa kila neno. Aanze kwa kusomewa sura za mwanzo, na kisa kikimshika atasoma mwenyewe na maneno magumu atayaelewa kwa jinsi yanavyojirudia.

Nitaendelea kesho. Wenye maswali waulize.

Mzazi, Mwanza

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa uzi huu. Mimi nina tatizo la namna nyingine. Binti yangu ana miaka 11 na anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza. Anasoma vitabu vya Kiingereza vinene, hata vya kurasa 200, lakini nikimpa cha Kiswahili anakirudisha baada ya dakika tano akisema ni kigumu. Nyumbani tunazungumza Kiswahili, tena yeye mwenyewe ndiye msemaji mkubwa. Nimejaribu kumlazimisha na imekuwa ugomvi. Je, nimwache tu?

Mwanzisha uzi

Marahaba, ndugu mzazi. Nakuomba usimwache, na pia usimlazimishe.

Mtoto wako hana pumzi fupi. Pumzi anayo, ameipata kwenye lugha nyingine, na hilo ni jambo la kushukuru. Kinachomkwaza ni kwamba Kiswahili anachokijua ni cha mdomoni, cha nyumbani na cha uwanjani, na macho yake hayajazoea kukiona kwenye karatasi. Neno kama "wakamwendea" au "yaliyompata" analitumia kila siku bila shida, lakini likiandikwa ni refu, limebeba mambo mengi kwa mkupuo, na jicho lililozoea maneno mafupi ya Kiingereza linaona ukuta. Dawa yake ni kumpa maandishi ya Kiswahili ambayo kisa chake kinambeba haraka kuliko ugumu wa kuona maneno.

Kwa mtoto kama huyo huwa napendekeza katuni. Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mchoraji mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejulikana sana kwa kazi zake magazetini nchini Kenya, alichora visa vya Abunuwasi katika kitabu kilichotolewa na Sasa Sema Publications mwaka 1996. Maneno ni machache na picha zinachekesha, hivyo mtoto anasoma Kiswahili kitabu kizima kabla hajakumbuka kwamba hakipendi. Nakala zake siku hizi ni za kutafuta, lakini ukiiona usiiache.

Baada ya hapo mpe Mwana Mdogo wa Mfalme, tafsiri ya kitabu cha Antoine de Saint-Exupéry iliyotolewa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Huenda amekwisha kukutana nacho kwa Kiingereza, na hiyo ni faida: anakijua kisa, kwa hiyo nguvu zake zote zinakwenda kwenye lugha. Kwa sababu hiyo hiyo napenda pia tafsiri za kitabu cha Alisi. Ile ya kwanza, Elisi katika Nchi ya Ajabu, ni ya mwaka 1940. Mwaka 2015 ilitoka nyingine, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Mwombe akusomee ukurasa mmoja na akueleze ni wapi Kiswahili kimesema vizuri kuliko Kiingereza. Watoto wa namna yake hupenda kupewa kazi ya ujaji.

Na jambo la mwisho kwako wewe mwenyewe, mzazi: naye akuone ukisoma Kiswahili. Nimekutana na wazazi wengi wanaosikitika kwamba watoto wao hawasomi Kiswahili, na katika nyumba nzima maandishi ya Kiswahili yaliyomo ni bili ya maji.

Mwalimu wa Gredi ya 6, Mombasa

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Naandika kutoka Mombasa, ambako chini ya mtaala wetu wa umilisi shule ya msingi ya juu ni Gredi ya 4 hadi ya 6, kwa hiyo watoto wangu ni wadogo kidogo kuliko wa darasa la saba lenu. Nakubaliana na mwalimu kuhusu pumzi. Ningependa kuongeza mambo mawili.

La kwanza ni Fumo Liyongo. Kila mtoto wa pwani anastahili kumjua shujaa huyu kabla hajafika shule ya upili. Utenzi wake ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 ni mgumu kwa watoto, kwanza kwa sababu uko katika Kiamu, lahaja ya Lamu, lakini kisa kimesimuliwa kwa nathari mara nyingi na mwalimu anaweza kukisimulia kwanza, kisha akawapa beti chache wasome. Nikifika mahali ambapo mtoto wa kumzaa mwenyewe anatumwa amchome baba yake kitovuni kwa sindano ya shaba, na Liyongo anakwenda kupiga goti kisimani na upinde wake mkononi, akafa katika hali hiyo huku watu wa mji wakiogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai, darasa huwa halipumui. Watoto wangu wa mwaka uliopita waligoma kutoka kwenda mapumziko hadi wajue yule mtoto alifanywa nini.

La pili ni Ken Walibora, aliyetutoka mwaka 2020. Watu wengi wanamjua kwa Siku Njema, ambayo ni ya wakubwa zaidi, lakini aliandika pia kwa ajili ya vijana wadogo. Ndoto ya Amerika inahusu hamu ya vijana ya kwenda Marekani, na sijaona mtoto wa mjini asiyeielewa hamu hiyo. Sentensi zake ni safi na mtoto anaziiga katika insha bila kuambiwa.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, mwalimu mwenzangu. Hicho cha kusimulia kwanza na kusoma baadaye ndicho nilichokuwa nakitafuta maneno ya kukieleza. Sisi tuliolelewa na "Paukwa!" na "Pakawa!" tunajua kwamba masikio hutangulia macho, na mwalimu anayesimulia vizuri anauza kitabu kuliko tangazo lolote.

Nilisema nitaendelea. Mtoto aliyemaliza Abunuwasi na Adili anataka safari na hatari. Kwa huyo kuna tafsiri za zamani ambazo wazee wetu walizisoma: Kisiwa chenye Hazina, Mashimo ya Mfalme Sulemani, Safari za Gulliver. Zilitoka katika miaka ya 1920 na 1930, na Kiswahili chake bado kinatiririka. Lakini nina neno la tahadhari kuhusu Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kisa chake kinasisimua, ila kiliandikwa na Mwingereza wa karne ya 19, na Mwafrika anaonekana humo kwa macho ya mgeni aliyekuja na bunduki. Sikikatazi. Mimi hukisoma pamoja na wanafunzi wa darasa la saba na kuwauliza: kama mwenyeji ndiye angesimulia safari hii, angeanzia wapi? Wengine wameniandikia majibu ya kurasa mbili. Kumwachia mtoto wa miaka 11 akisome peke yake, bila mazungumzo, sikushauri.

Mwanafunzi wa darasa la saba anayesoma sana, na katika kila darasa yupo mmoja au wawili, anaweza kupewa Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar. Muswada wake ulishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58, na kitabu kikatoka 1960. Humo ndimo Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni, alipoingia katika fasihi yetu, akiwa na mwenzake Najum. Kuna mauaji ndani yake, kwa hiyo mzazi asome kwanza. Uzuri wake kwa mtoto ni kwamba watu wote wanaogopa mzimu, wakati Bwana Msa anatazama alama, anauliza maswali, anapanga sababu. Nimewahi kumpa mvulana aliyekuwa akisema wazi kwamba Kiswahili ni somo la wasichana, na baada ya wiki mbili alikuja kuuliza kama kuna kingine. Kipo: Kisima cha Giningi, cha mwandishi huyo huyo.

Kusadikika cha Shaaban Robert nimeulizwa kwa ujumbe wa faragha. Ni kitabu kikubwa, na kesi ya Karama naipenda sana, lakini kwa wengi wa darasa la saba bado ni kizito. Kisubiri sekondari.

Bibi, Unguja

Mwalimu wangu, nimesoma yote ulosema na nimefurahi kuona watu bado wanajali mambo haya. Mie ni bibi mwenye wajukuu saba, watatu katika hao wako madarasa ya juu. Nina dukuduku moja na pendekezo moja.

Dukuduku langu ni haya majini. Katika Adili na Nduguze mna majini, na katika Alfu Lela Ulela ndiyo usiseme. Wajukuu wangu wanasoma chuoni, yaani madrasa, na mmoja aliwahi kuniuliza kama haya yaliyoandikwa ni kweli, maana aliogopa kulala. Nilikichukua kitabu nikakiweka juu ya kabati. Je, nilikosea?

Pendekezo langu ni Wasifu wa Siti binti Saad. Umetaja vitabu vingi vya wanaume wanaosafiri na kupigana. Wajukuu zangu wa kike nao wanataka mtu wa kumfuata.

Mwanzisha uzi

Shikamoo bibi. Nakushukuru kwa yote mawili, na kuhusu la pili nakiri kwamba umenikosoa kwa haki.

Kuhusu majini, sidhani kama ulikosea kukiweka kitabu juu ya kabati usiku ule, kwa sababu mtoto alikuwa na hofu na wewe ulimlinda. Ninachokuomba ni kukishusha tena siku nyingine, mchana, ukasome naye wewe mwenyewe. Imani ya nyumbani ina mahali pake na mwalimu hana haki ya kuiingilia. Lakini mtoto akiketi ubavuni mwa bibi yake na kuambiwa, "Hii ni hekaya, mtungaji ameiweka ili tuone husuda inavyomgeuza mtu akawa mnyama," anapata kinga ambayo kabati haiwezi kumpa. Jina Hasidi na jina Mwivu hayakuchaguliwa bure, na mtoto wa chuoni anajua maana ya hasidi kuliko wengi wetu. Ama Alfu Lela Ulela, humo mna mambo ya watu wazima katika baadhi ya visa, kwa hiyo mimi huwasomea visa nilivyochagua na simpi mtoto kitabu kizima.

Sasa Siti. Shaaban Robert aliandika wasifu huu, ukatoka mwaka 1958, miaka 8 baada ya Siti kufariki. Nadhani ndicho kitabu kizuri kabisa cha kumwonyesha mtoto kwamba maisha ya mtu wa kweli yanaweza kusimuliwa kama hadithi. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia iliyokuwa utumwani, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Mama yake alifinyanga vyungu na yeye alivichukua kwenda kuviuza mjini. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba na kupiga ala, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri, jambo ambalo mwimbaji mwanamke wa Afrika Mashariki hakuwa amelifanya kabla yake. Nilipowasomea darasa la sita mahali pa jina lile la utotoni, watoto hawakuamini kwamba mzazi angempa mwana jina hilo, ikabidi tusimame tuzungumze kuhusu utumwa wa Unguja, somo ambalo katika kitabu cha historia walikuwa wamelipita kwa kukariri miaka.

Kuna na Kurwa na Doto cha Muhammad Saleh Farsy, cha mwaka 1960, kinachoeleza maisha ya kijiji cha Unguja kupitia mapacha wawili wa kike wenye tabia zisizofanana. Humo mna harusi, mna ngoma, mna majirani wanaosemana. Kwa wasichana wa darasa la saba kinafaa mno, na wavulana nao wakishaanza hawakiachi. Bila shaka wewe bibi utaweza kuwaeleza wajukuu mambo yaliyomo kuliko mimi wa bara.

Mzazi, Dodoma

Mwalimu, nimefuatilia tangu mwanzo. Naomba kuuliza bila kuona haya: hivi vitabu vinapatikana wapi, na mtu mwenye kipato kidogo afanye nini? Duka la karibu yangu lina madaftari, rula, na vitabu vya maswali na majibu. Nilinunua kitabu kimoja cha hadithi cha watoto mwezi uliopita, kina picha za rangi nzuri sana, lakini mtoto alikimaliza kwa robo saa na hajakigusa tena.

Mwanzisha uzi

Hakuna haya katika swali hilo, ndugu yangu. Wengi wanaosoma hapa wanalo na hawajaliandika.

Nianze na hicho cha picha za rangi. Sokoni kuna vitabu vizuri vya watoto, na tuna deni kwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao tangu mwaka 1991 umewasaidia waandishi na wachapishaji wa ndani kutoa vitabu vya Kiswahili na kuvifikisha shuleni. Lakini kuna pia vitabu vilivyoandikwa haraka ili viuzwe. Kimoja nilichokinunua kwa fedha yangu kilikuwa na shujaa anayeitwa jina moja ukurasa wa 4 na jina jingine ukurasa wa 17, na sentensi zake zilikuwa Kiingereza kilichovikwa maneno ya Kiswahili. Mtoto aligundua kosa la jina kabla yangu. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, simama pale dukani ufungue katikati ya kitabu, usianze na ukurasa wa kwanza kwa sababu huo kila mtu huuandika vizuri. Soma ukurasa mmoja kwa sauti ya chini. Ulimi wako ukijikwaa katika kila sentensi, ulimi wa mtoto utajikwaa zaidi. Kama mtoto yupo, msomeshe yeye ukurasa huo: maneno mapya mawili matatu ni afya, lakini yakifika sita au saba, kitabu hicho msome pamoja nyumbani au kingoje mwaka mwingine.

Kuhusu kuvipata, anzia maktaba. Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba za mikoa, na Dodoma ni mojawapo. Uliza sehemu ya watoto na utaratibu wa kumwandikisha mtoto kuwa mwanachama wa kuazima. Baadhi ya vitabu nilivyovitaja ni vya zamani na dukani huenda usivione, lakini rafu za maktaba za mikoa mara nyingi vimo. Ukifika Dar es Salaam, wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza kando ya barabara katikati ya mji ni watu wa kuzungumza nao kwa subira. Mweleze unachotafuta, rudi kesho yake. Nimepata nakala ya Kurwa na Doto kwa njia hiyo, imeandikwa kwa wino jina la shule ambayo sasa haipo. Kwenye simu, tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili bila malipo. Nyingi ni fupi na zinawafaa zaidi wadogo wa darasa la tatu na la nne, ila mtoto wa darasa la sita anaweza kumsomea mdogo wake, na hilo ni zoezi zuri kwa wote wawili.

Njia iliyotufaa sana shuleni kwetu, lakini, ilikuwa ya wazazi wenyewe. Katika kikao cha darasa niliomba wazazi sita tu, kila mmoja anunue kitabu kimoja tofauti, akivishe jalada, aandike jina la mtoto ndani. Vitabu vile sita vilizunguka nyumba sita kwa zamu ya wiki mbili, na kila mtoto alisoma vitabu sita kwa gharama ya kimoja. Mwaka uliofuata wazazi walikuwa 14. Kilichonishangaza ni kwamba watoto walianza kuulizana njiani, "Umefika wapi? Ameshamkuta?", jinsi wanavyoulizana kuhusu mpira. Vitabu viwili vilipotea na kimoja kiliingia mchuzi. Hatukumwadhibu mtoto yeyote kwa hilo, na naomba mtakaojaribu msifanye hivyo, kwa sababu mtoto akichapwa kwa ajili ya kitabu hataazima tena.

Ukiwa na fedha ya kitabu kimoja tu mwezi huu, nunua Abunuwasi. Jioni, kabla ya taarifa ya habari, mwambie akusomee kisa kimoja, na kikiisha usimuulize swali lolote la ufahamu. Ngoja yeye ndiye aseme. Kisha urudi hapa utuambie alisema nini.